Ukucha wa Rahamim

Rahamim Buskila alikuwa na ukucha mmoja uliojulikana kuliko yeye mwenyewe, ule wa kidole gumba cha kushoto. Mjini kwao, juu ya vilima vya Tiberia, watu walisema ukificha unywele chini ya kitambaa cha meza, ukucha ule utaupata, na utakwambia kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Hiyo ya pili ni chumvi waliyoiongeza wenyewe. Ya kwanza sibishani nayo.

Alikuwa mchinjaji, miaka thelathini na minane kazini, kama baba yake kule Moroko. Kila asubuhi, na tena kabla ya kila mnyama, alikishika kisu mkononi, akayapitisha makali yake juu ya ukucha ule taratibu, kwenda na kurudi, upande huu na upande ule, mara kumi na mbili. Sheria ya Wayahudi haina mchezo hapo. Kisu kikiwa na pengo, hata dogo la kunasa ukucha tu, kinachana badala ya kukata, na mnyama aliyechinjwa nacho nyama yake hailiwi. Jicho halilioni pengo la namna hiyo. Ukucha ndio unaolisikia.

Na aliyekuwa akimsumbua kila siku juu ya jambo hili ni Daktari Larisa, daktari wa mifugo wa serikali, mwanamke mrefu aliyetoka Urusi na digrii mbili na ulimi mmoja uliotosha watu watatu. Kazi yake ilikuwa kusimama pale machinjioni kuangalia wanyama. Kila Rahamim alipochinja, Larisa alibonyeza saa yake ndogo, akasubiri mpaka mnyama apoteze fahamu, akabonyeza tena, akaandika namba kwenye daftari la bluu.

"Mzee Rahamim," angemwambia, "leo tena wanakwenda bila ganzi, bila umeme wa kuwazimisha kwanza, bila hata pole?"

"Pole nawapa mimi mwenyewe. Pole yao ndiyo hii." Naye humwonyesha kisu.

"Kisu si pole. Kisu ni kisu."

"Kisu chako wewe. Kisu kisicho na pengo hakiumi, Daktari. Mtu akinyoa kwa wembe mkali akajikata, hana habari mpaka aone damu."

"Wembe? Wewe na ndevu hizo mpaka kifuani, wembe umeujulia wapi?"

"Basi chukua kitunguu."

"Mimi nikijikata nikimenya kitunguu napiga kelele hadi Haifa wanasikia."

"Kwa sababu kisu chako butu, mwanangu. Kilete nikunolee, bure."

Walikwenda hivyo miaka kumi na minane, na yeyote aliyewaona angedhani wanagombana. Walikuwa wanapendana sana, ila hakuna hata mmoja ambaye angekubali kulisema. Jambo moja tu hawakulitania kamwe, nalo ni lile daftari la bluu. Rahamim hakuwahi kuuliza namba zilizomo, hata mara moja. Alijiambia kwamba hazimhusu. Ukweli ni kwamba alikuwa anaziogopa.

Mambo yaliharibika wiki moja kabla ya Pasaka, wakati kila Mmoroko wa mji ule anataka mwanakondoo mezani na wauza nyama hawalali. Jumatatu asubuhi Rahamim alimaliza kunoa, akakipitisha kisu juu ya ukucha, akaridhika, akampa msimamizi wa machinjio, Rabi Elhanan, kijana wa miaka thelathini na nne mwenye miwani minene na adabu nyingi. Rabi akakijaribu kwa ukucha wake. Akasita katikati ya makali, akarudi nyuma, akajaribu tena.

"Mzee, samahani. Kuna kitu hapa."

"Wapi?"

"Hapa katikati. Dogo sana. Labda ulikuwa na haraka."

Rahamim akakichukua, akapitisha tena mahali palepale. Kimya. Laini kama siagi. Akasema, "Ehe, kweli, nimelisikia," akarudi kwenye jiwe la kunolea huku uso umemshuka. Hakuwa amesikia kitu. Hilo lilikuwa neno la kwanza la uongo alilolitamka juu ya kisu tangu azaliwe.

Siku hiyo alichinja wachache tu, na kila kisu alimpa kwanza mwenzake Pinhasi akihakikishe, kwa kisingizio kwamba macho yanamwasha. Ukucha na macho wapi na wapi!

Na Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Mara moja kwa mwaka Rabi Elhanan alimkalisha kila mchinjaji mbele ya visu vitano, vingine vizima na vingine vyenye mapengo, naye aseme kipi ni kipi. Anayekosa kimoja anatundika kisu chake ukutani. Rahamim alikuwa amewaona wazee wakitundika, mmoja mkono ulianza kutetemeka, mwingine vidole viliingia ganzi. Wazee wale sasa walikaa mbele ya duka la magazeti wakihesabu magari yanayopita.

Jumatatu hiyo mchana, nyumbani, hakusema kitu. Mkewe Sultana alimwekea wali, samaki wa pilipili na saladi ya karoti, akamtazama anavyokula.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu haongezi chumvi mara tatu."

"Samaki wako amepooza leo."

"Samaki wangu amepooza! Hebu sema tena, baba watoto, jirani wasikie." Sultana akacheka, lakini macho yake hayakucheka.

Rahamim akaificha mikono chini ya meza. Alikuwa akiusugua ukucha ule kwa kidole kingine, mbele na nyuma, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Ulikuwa umepasuka wiki tatu zilizopita, sikukuu ya Purimu, alipofungua mkebe wa biskuti, na siku nyingi alilalamika nyumba nzima ikakosa raha. Kisha ukapona wenyewe, ukawa mgumu na mzima, naye akamshukuru Mungu. Kumbe umepona umekufa, aliwaza. Akajilaza kochini kama kawaida yake baada ya chakula, mkono wa kushoto ukining'inia, na pamoja na huzuni yote aliyokuwa nayo akalala na kukoroma baada ya dakika mbili. Huyo ndiye Rahamim. Shida haikuwahi kumzuia kulala mchana.

Jumanne asubuhi kondoo arobaini walikuwa zizini, na nje ya lango magari ya wauza nyama yalipanga foleni, madereva wakipigiana honi. Pinhasi alikuwa na ng'ombe ukumbi wa pili. Kondoo walikuwa wa Rahamim.

Akanoa. Akapitisha kisu juu ya ukucha. Laini. Mara kumi na mbili, laini mara kumi na mbili.

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo usiku wote alikuwa akilifukuza. Kisu kizuri hakisemi kitu, na ukucha uliokufa pia hausikii kitu. Atajuaje ni lipi kati ya hayo mawili? Akafungua sanduku lake. Ndani kulikuwa na kisu kimoja cha zamani alichokifunga uzi mwekundu mpinini, kibovu, chenye pengo la kutosha kufundishia wanafunzi. Akakichukua, akayapitisha makali yake kwenye ukucha.

Laini.

Akabaki amekishika. Angeweza kuendelea. Kisu cha leo huenda kilikuwa kizima kabisa, Rabi angekijaribu, na kesho ingekuwa kesho. Kondoo wa kwanza alikuwa ameletwa tayari, amesimama pale akitafuna kitu kisichokuwepo, akimtazama bila wasiwasi wowote.

Rahamim akakiweka kisu mezani. "Mrudisheni," akawaambia wafanyakazi. "Mrudisheni zizini. Zimeni mashine."

Rabi Elhanan akaja mbio, miwani imemshuka puani. "Mzee, kuna nini? Wauza nyama watavunja lango!"

"Futa jina langu, Rabi."

"Jina lipi?"

"Langu. Ukucha wangu umekufa. Jana nilikudanganya, sikulisikia lile pengo. Leo nimejaribu kisu cha uzi mwekundu, hata hicho sikukisikia."

Rabi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimheshimu mzee huyu kuliko mtu yeyote pale, naye alikuwa kijana ambaye hajazoea kuona watu wazima wakitokwa na machozi, kama yalivyomtoka Rahamim. "Sikiliza," akasema polepole. "Mtihani ni kesho. Pumzika leo, huenda ni uchovu. Mimi nitakijaribu kisu chako kabla ya kila kondoo, wewe uchinje tu. Kisheria inawezekana kabisa. Tungoje Jumatano."

"Kondoo wa leo hawaijui Jumatano," Rahamim akasema. "Nami sichinji kwa ukucha wa kuazima."

Nje honi ziliendelea. Ndipo Daktari Larisa alipofika, saa yake mkononi, daftari kwapani.

"Nani kazima mashine? Kuna mnyama mgonjwa?"

"Mimi ndiye mgonjwa," Rahamim akamwambia. "Furahi, Daktari. Umenishinda." Akamweleza yote kwa sentensi tatu.

Larisa hakufurahi hata kidogo. Akaenda kuchota kwenye pipa la utani wake, akalikuta tupu. "Lete huo mkono," akasema hatimaye.

"Wewe ni daktari wa kondoo."

"Na wewe leo una akili za kondoo. Lete mkono."

Akauvuta hadi dirishani penye mwanga wa jua. Akakigeuza kidole kulia, kushoto. Akakikwaruza kwa ukucha wake mwenyewe, na pembeni kikainuka kigozi chembamba, cheupe kama utando wa kitunguu. Akakinusa. Uso wake ukaanza kufanya kazi ngumu ya kujizuia kucheka.

"Mzee Rahamim."

"Niambie tu. Nimejiandaa."

"Kucha zako unatengeneza saluni gani?"

"Nini?"

"Hii ni rangi ya kucha, mzee. Ile isiyo na rangi, ya kuimarisha kucha dhaifu. Na si mara moja. Hapa kuna tabaka..." akahesabu kwa kukwaruza, "nane, tisa. Umepakwa kama mlango wa meli."

Rabi Elhanan akainuka kutoka kwenye ndoo yake. Rahamim akakitazama kidole kile kana kwamba ni cha mtu mwingine kimewekwa pale kwa makosa. Halafu wote watatu wakalitaja jina moja, kwa sauti tofauti.

Sultana aliitwa, akafika kwa miguu dakika kumi baadaye, maana nyumba ilikuwa nyuma ya barabara ya pili. Alikuja na kilemba chake cha jikoni na mkoba mkubwa, akaingia machinjioni bila kusalimia mtu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Sultana," mumewe akasema, "umenipaka nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya duka la dawa, la kule chini. Mfamasia aliniapia kwamba hata ukigonga msumari haipasuki. Ulikuwa unalia, Rahamim! Tangu Purimu, 'ukucha wangu, ukucha wangu,' kama umekatwa mguu. Nikikwambia tuupake, utasema ni mambo ya wanawake. Basi nikakupaka ukilala. Kila siku baada ya chakula, tabaka moja. Siku tisa."

"Siku tisa hukuniambia!"

"Na wewe jana uliyeongeza chumvi mara tatu kwenye samaki, uliniambia?"

Hapo Rahamim alikamatwa, na alijua kakamatwa.

Rabi Elhanan alikuwa ameshika kichwa. "Ngojeni. Na kunawa mikono kwa sheria kabla ya mkate? Siku tisa maji hayakuugusa ukucha wenyewe! Kwa mwanamke rangi ni pambo, haihesabiwi kizuizi, lakini kwa mwanamume..." Akaanza kutembea huku na huku akinong'onezana na vitabu vyake vya kichwani.

"Rabi, mwanangu," Sultana akamwambia, "hilo utalisoma usiku. Saa hizi nishikie mkoba."

Akatoa pamba na kichupa cha dawa ya kuondolea rangi, ikanuka kushinda harufu zote za machinjio, na hilo si jambo dogo. Akakisugua kidole cha mumewe mbele ya watu, taratibu, akipuliza. Nilisema mapema kwamba Rahamim alitokwa na machozi. Sasa yalimtoka tena, naye akasingizia kichupa.

Kisha akakichukua kisu cha uzi mwekundu. Akakipitisha.

Tik.

"Lipo!" akapiga kelele. "Lipo, lipo! Pengo kubwa kama shimo la barabarani! Sultana, lisikie!" Akamkumbatia mkewe akiwa bado na kisu mkononi, Larisa akalazimika kumpokonya.

Rabi alikuwa mtu wa utaratibu, akaona heri amalize mambo yote papo hapo. Akaleta visu vyake vitano. Rahamim akafumba macho. Cha kwanza kizima. Cha pili pengo. Cha tatu kizima. Cha nne pengo, karibu na mpini. Cha tano pengo.

"Cha nne ni kizima, mzee," Rabi akasema kwa huruma.

"Karibu na mpini."

Rabi akajaribu. Akajaribu tena. Masikio yake yakawa mekundu. "Karibu na mpini," akakubali, akaandika jina la Rahamim kwenye fomu ya mwaka kwa herufi kubwa.

Ingeishia hapo, kila mtu angekwenda zake anacheka. Madereva nje walishapewa habari, na kicheko chao kilisikika kupita honi. Lakini Rahamim hakusimama. Alikaa pale akiutazama ukucha wake uliosafishwa, na furaha ikamtoka kidogokidogo.

"Siku tisa, Rabi," akasema. "Siku tisa nimechinja nikiwa kiziwi."

"Nyama ni safi, usihofu. Kila asubuhi na kila jioni nilivikagua visu vyako. Pengo ni lile moja la jana, na nililikuta kabla hujachinja."

"Sikuulizi nyama. Nakuuliza kondoo."

Rabi akairudisha miwani yake puani.

"Kisu kinaweza kukosa pengo na bado kisiwe kisu changu," Rahamim akaendelea. "Mimi nanoa kwa kuusikiliza ukucha. Unaniambia bado kidogo, bado kidogo, sasa inatosha. Siku tisa haukuniambia. Kama waliumia zaidi, nani atajua?"

Sultana akaiweka pamba chini. Yeye ndiye aliyepaka, na swali lile lilimpiga kabla halijampiga mtu mwingine.

Daktari Larisa akakohoa. Akalitoa daftari la bluu kwapani, akalamba kidole, akafunua. Alisoma kwa muda mrefu, mdomo ukicheza.

"Mimi nitajua," akasema. "Nilikuwepo kila siku, na saa yangu. Siku hizo tisa ni sawasawa na siku zako nyingine zote. Hakuna aliyechelewa hata mmoja."

"Kweli?"

"Mkono wako unajua kunoa hata ukucha ukilala. Hesabu ndiyo hii."

"Kwa hiyo umekubali! Njia yetu ina huruma."

"Sijakubali chochote, nimesoma namba. Umeme ukifanywa vizuri unawahi kuliko kisu chako."

"Na ukifanywa vibaya?"

Larisa akalifunga daftari. "Nimeuona ukifanywa vibaya," akasema. "Na sikumwona mtu akizima mashine kama wewe leo."

Rahamim akalitazama daftari lile. Miaka kumi na minane lilipita mbele yake kila siku, na kila siku aligeuza uso. Akajikuta amesimama.

"Namba gani?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo namba yangu. Ni sekunde ngapi?"

Larisa akamtazama kuhakikisha kwamba hatanii. "Nne," akamjibu. "Ukichukua wote kwa pamoja, ni nne. Ni nzuri, mzee. Sijaona mchinjaji mwenye chini ya hiyo."

"Nne," Rahamim akarudia.

Akageuka kuutazama mlango wa zizi, akahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, midomo ikimcheza kidogo. Rabi alisubiri afurahi. Sultana alisubiri pia, mkoba umebanwa kifuani. Nje honi moja ililia, ikajibiwa na nyingine.

"Ni nyingi," akasema Rahamim, akakaa tena kwenye kigoda chake na kulivuta jiwe la kunolea. "Waambie hao madereva wangoje. Daktari, hiyo saa yako usiiweke mbali."